Shangazi, je, ninaikimbia hisabati?

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari katika kata moja ya mpakani mkoani Mtwara, si mbali na Mto Ruvuma. Nina miaka 31, sijaolewa, na binti yangu wa miaka sita analelewa na mama yangu Newala. Nafundisha hisabati kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwenzangu aliyekuwa akinisaidia alihamia Dodoma kumfuata mumewe, kwa hiyo sasa shule nzima somo hilo liko mikononi mwangu.

Chuo kikuu nilisomea hisabati pamoja na ualimu. Niliipenda hisabati ya uthibitisho, ile isiyouliza itatumika wapi. Mhadhiri mmoja aliniahidi kuwa nikimaliza vizuri atanipigania nibaki chuoni. Nilimaliza vizuri, nafasi haikutoka, ajira ya ualimu ikatoka, nikaripoti kituoni.

Aliyenisomesha ni mjomba. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na kwetu sisi Wamakonde mjomba ndiye mwenye mtoto. Kila msimu wa korosho, fedha za mnada zikiingia, alitenga ada yangu kwanza, ndipo akafikiria salfa ya kupulizia mikorosho yake. Kuna msimu malipo yalichelewa, akaenda kukopa ili nisirudishwe nyumbani. Tangu nikiwa kidato cha pili anawaambia watu kijiweni kwamba mpwa wake atakuwa profesa wa hesabu.

Sasa sikia kilichotokea. Naishi nyumba za watumishi, tumepakana ukuta na nesi wa zahanati. Mwisho wa mwezi anakesha na madaftari ya MTUHA, yale ya kumbukumbu za huduma za afya, akiandaa ripoti. Nikawa naenda kumsaidia kuhesabu vijiti kwenye zile karatasi, vinne vimesimama na cha tano kimevikata. Mwezi mmoja tukapiga hesabu ya chanjo ya surua, dozi ya kwanza. Ikatoka zaidi ya asilimia mia moja. Nikajua nimekosea kujumlisha. Nikarudia, ikatoka vilevile. Nesi akaniambia, "Mwalimu, hapa kwetu huwa inatoka hivyo. Andika mia tu tukalale."

Shangazi, sikulala. Watoto waliochanjwa watazidije watoto waliopo? Kesho yake nikamuuliza idadi ya watoto walengwa inatoka wapi. Akasema inaletwa kutoka wilayani, inakadiriwa kutokana na sensa. Nikafungua daftari la watoto, nikashuka na safu ya makazi mstari kwa mstari. Akina mama kadhaa wametoka ng'ambo ya mto, Msumbiji. Wengine wametoka kata jirani. Wale wote wamehesabiwa kwenye waliochanjwa, lakini hawamo kwenye walengwa. Nikatoa wageni, nikabaki na watoto wa vijiji vyetu tu, na hapo ndipo nikaona kwamba wapo watoto wetu ambao hawajachanjwa kabisa. Ile asilimia kubwa ilikuwa imewafunika. Nesi alipoona majina hayo alikaa chini. Wiki ile ile alianza kuwafuata nyumba kwa nyumba.

Niliandika maelezo ya kurasa mbili, akayapeleka kwa mratibu wa MTUHA wa wilaya. Mratibu akanipigia simu, tukaongea muda mrefu. Akasema watu wanaoona vitu hivi wanahitajika, na kwamba kuna shahada ya uzamili ya takwimu za afya, niombe. Nimeomba na nimepata, Dar es Salaam, miaka miwili. Ada italipwa na mfadhili, kula na kulala ni juu yangu. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Furaha yangu haikudumu. Mhadhiri wangu wa zamani nilipomweleza alisema, "Uwezo wote ule ukahesabie wagonjwa?" Mjomba akasema, "Mimi nilikusomesha hesabu, sikukusomesha hospitali," akakata simu. Mkuu wa shule hakugomba, alinionyesha tu orodha ya kidato cha nne wanaofanya mtihani Novemba. Na mimi mwenyewe baiolojia yangu iliishia kidato cha nne.

Usiku najiuliza kama kweli nimeipenda kazi hii, au naikimbia hisabati kwa sababu ilinifungia mlango. Nifanye nini, Shangazi?

Mwalimu wa Mpakani, Mtwara


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma taratibu, kisha nikairudia, maana ina mambo mengi yaliyofungwa kwenye kitita kimoja.

Nikikuelewa sawasawa, umepata nafasi ya kusomea jambo lililokunyima usingizi kwa raha, na watu watatu unaowaheshimu wamekuonyesha nyuso tatu tofauti. Mhadhiri anaona unajishusha. Mjomba anaona ahadi imevunjwa. Mkuu wa shule anaona darasa lisilo na mwalimu. Na wewe umechukua maneno yao yote ukayafanya swali moja, kama unaikimbia hisabati au la. Naomba tuyaachanishe, kwa sababu kila moja lina jibu lake, na mengine si yako kuyajibu.

Tuanze na mhadhiri. Anasema takwimu za afya ni kuhesabu wagonjwa, na wewe umelibeba neno hilo bila kulidai uthibitisho, jambo ambalo darasani kwako usingemruhusu mwanafunzi. Ronald Ross, yule aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba malaria inapitia kwa mbu na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902, alikuwa daktari wa jeshi aliyejifundisha hisabati mwenyewe. Watu walimwambia huwezi kuua mbu wote, basi kazi ni bure. Akakaa na milinganyo yake, na kufikia mwaka 1911 alikuwa ameonyesha kwamba si lazima uwamalize. Kuna kiwango ambacho mbu wakishuka chini yake, ugonjwa unafifia wenyewe. Kiwango hicho hakionekani kwa hadubini. Kilionekana kwa hesabu.

Na karibu na siku zetu, mwaka 2020, Uviko-19 ilipokuja na vipimo vikawa ghali, mwanahisabati wa Kameruni Wilfred Ndifon, aliyekuwa AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, alishirikiana na wataalamu wa Rwanda kutafuta njia ya kupima sampuli nyingi kwa mkupuo. Kuchanganya sampuli si jambo jipya. Wao walizipanga kana kwamba kila sampuli ni nukta ndani ya mchemraba usioishia kwenye urefu, upana na kimo tu, wakazikata kwa pande mbalimbali, hivyo wakiangalia vikundi vilivyotoa majibu chanya vinapokutana wanajua haraka mwenye virusi ni yupi. Hiyo ni jiometri, mwanangu, na ni ya aina ile ile isiyouliza itatumika wapi, mpaka siku ilipohitajika.

Huko kwenu nako kuna historia ya kazi hii, na sijui kama kuna mtu aliwahi kukusimulia. Homa ya chikungunya, inayoenezwa na mbu, ilielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa Makonde, Newala na jirani zake, katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa, na W. H. R. Lumsden akaandika habari ya mlipuko wenyewe ulivyotembea kati ya watu, zikachapishwa mwaka 1955. Miaka mingi baadaye, taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara ilijaribu kuwapa watoto wachanga dawa ya SP ya kukinga malaria wanapoletwa kwenye chanjo, katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, Newala na Tandahimba zikiwamo. Walichukua tarafa 24, nusu yake zikachaguliwa kwa bahati nasibu zianze na dawa. Sasa wewe jiulize kama mwanahisabati: ukigawa tarafa badala ya watoto, je, watoto elfu wa tarafa moja wana uzito wa watoto elfu waliotawanyika? Hawana, kwa sababu wanafanana, wanakunywa maji yale yale na kuumwa na mbu wale wale. Mtu lazima akokotoe kufanana huko, vinginevyo utafiti mzima unadanganya. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kinga hiyo kwa nchi za Afrika zenye malaria nyingi, na utafiti wa aina hii ni sehemu ya yaliyowafikisha huko.

Hata namba tunazosikia redioni zina watu nyuma yake. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulitoa vifo vya akina mama 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulitoa 556. Unajua namba hizo zinapatikanaje? Watu wanaulizwa kuhusu ndugu zao waliozaliwa tumbo moja: dada yako yu hai? Kama alifariki, alikuwa mjamzito, au anajifungua, au amejifungua karibuni? Kutoka kwenye majibu hayo ya huzuni lazima mtu atoe makadirio, na aseme pia makadirio hayo yanaweza kuyumba kiasi gani. Sidhani kama mhadhiri wako akiketi na kazi hiyo ataiita kuhesabu wagonjwa.

Lakini nisikupambie. Kazi ya kila siku ya mtu wa takwimu za afya haifanani na mifano niliyochagua. Wiki nyingi zinakwisha katika kusafisha data: tarehe ya kuzaliwa iliyo baada ya tarehe ya chanjo, kijiji kilichoandikwa kwa tahajia nne, mwanamume aliyejazwa kwenye daftari la wajawazito. Kuna vikao, kuna ripoti za mfadhili, kuna bosi anayetaka namba kabla ya saa sita. Uthibitisho mzuri wa kurasa tatu utaukosa, na utakuja kuutamani. Baiolojia utajifunza, usiiogope kupita kiasi, ila usiichukulie poa, maana mwanahisabati asiyejua ugonjwa unavyoingia mwilini huandika milinganyo mizuri isiyohusu chochote. Kabla hujajibu chuo, jipe jaribio. Programu ya kompyuta iitwayo R, ya kuchambua takwimu, ni ya bure. Pakua, chukua zile hesabu zenu za zahanati bila majina ya watu, kaa nazo wiki tatu uone kama hamu inabaki baada ya ugeni kuisha.

Kuhusu kukimbia, nina swali moja ambalo nataka ulijibu ukiwa peke yako. Kesho asubuhi ukipigiwa simu kwamba nafasi ya kufundisha aljebra chuo kikuu imepatikana, yako, utafanya nini na ile barua ya Dar es Salaam? Sina jibu ninalolitegea. Niliona kwamba daftari la watoto umeliandikia aya nzima na hisabati ya uthibitisho umeipa mistari michache, lakini mtu anaweza pia kuandika kwa ufupi juu ya kile kinachomuuma zaidi. Na hata kama mlango uliofungwa ndio uliokufanya utazame pembeni, hilo peke yake halikifanyi ulichokiona pembeni kuwa cha uongo. Watu wengi wamefika walipotakiwa kwa sababu walikotaka kwenda palijaa. Profesa Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata udaktari wa hisabati, alijenga kazi yake kwenye hisabati ya mwendo wa vimiminika, na sijawahi kusikia mtu akimwambia aliikimbia hisabati kwa kuwa maji na mafuta vinashikika.

Mjomba sasa. Alisema nini hasa? Alisema alikusomesha hesabu, hakukusomesha hospitali. Nikimsikiliza vizuri, nasikia mtu anayedhani unakwenda kuanza upya, kwamba zile ada za miaka yote zimemwagwa, na wewe utarudi umevaa nguo nyeupe za unesi. Hajakukatalia jambo ulilonieleza mimi, kwa sababu sidhani kama ulimweleza hivi. Na ulimpigia simu! Mtu aliyekopa ili usirudishwe nyumbani haambiwi habari kama hii kwa simu, mwanangu. Panda gari uende, keti naye chini, mama yako awepo. Mweleze habari ya chanjo kama ulivyoniandikia. Yeye ni mkulima wa korosho, anajua mzani wa chama cha msingi ukiwa na kasoro nani anaumia. Mwambie kazi unayoitaka ni kukagua mzani unaopima afya za watoto wa kijijini kwake. Huenda akaelewa. Huenda akakaa kimya, na kimya cha mjomba kina uzito wake katika ukoo wenu, wewe unajua kuliko mimi. Kama bado atasema hapana, hapo utakuwa na uchungu wa kweli wa kuupima, si wa kukisia.

La wanafunzi ndilo lililonigusa zaidi, na sitaki mtu yeyote akwambie kirahisi kwamba watapata mwingine. Shule ya mpakani ikipoteza mwalimu wa hisabati inaweza kukaa miaka. Huzuni ya mkuu wako ni halali. Ila angalia pia kitu kimoja: upungufu huo hukuuumba wewe, na hata ukibaki mpaka ustaafu, siku ukiugua pengo litakuwa pale pale. Kuna njia ya katikati ya kuulizia, nayo ni kuomba chuo kikuahirishie nafasi hadi mwaka unaofuata, ili kidato cha nne cha sasa kifanye mtihani Novemba na wewe upo, na mkuu apate muda wa kuandika barua wilayani au kukubaliana na wazazi kumpata mwalimu wa kujitolea. Hatari yake ni kwamba chuo kinaweza kukubali huku mfadhili akikataa, na nafasi bila ada ni karatasi tu. Waulize wote wawili, kwa maandishi.

Njia nyingine ni kubaki kazini na kusogea taratibu: Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanza mwaka 1965, hutoa mafunzo ya takwimu, na Chuo Kikuu Huria kina kituo Mtwara. Angalia kama wana kozi inayokufaa. Hii inakulindia mshahara na kukuweka karibu na mtoto. Ubaya wake ni kwamba mwalimu mwenye vipindi vyote vya shule nzima, akishasahihisha madaftari usiku, hubaki na nguvu kidogo sana ya kusoma, na nimeona wengi wakiishia mwaka wa kwanza.

Ukiamua kwenda, usifunge begi kabla hujapata ruhusa ya masomo ya mkurugenzi mkononi. Mtumishi anayeondoka bila ruhusa huandikwa mtoro, na hilo litakufuata. Uliza kama mshahara utaendelea au la, na ukumbuke kama una deni la Bodi ya Mikopo halilali ukiwa masomoni. Uliza pia habari ya kubadilishiwa kada ukirudi, kwa sababu shahada mpya haimaanishi cheo kipya kinakusubiri. Wapo waliorudi na uzamili wakapangiwa darasa lile lile. Na ukifikiria kazi za miradi na utafiti, ambako mishahara inavutia, kumbuka nyingi ni za mkataba. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha fedha zake za misaada, watu wengi wa data za afya nchini walirudi nyumbani ndani ya muda mfupi, watu wenye ujuzi kamili. Hilo si la kukutisha. Ni la kukufanya uulize mapema ni nani anayelipa.

Kuna mtu mmoja umemtaja kwa mstari mmoja tu, naye ni binti yako. Ana miaka sita, anaanza kusoma, na tayari yuko mbali nawe. Miaka miwili ya Dar es Salaam bila posho ya kujikimu inamgusa yeye na bibi yake kabla ya kumgusa mjomba. Mama yako anasemaje? Ana nguvu gani siku hizi? Hukuniambia, na ningependa kujua kama ni kwa sababu mambo ni shwari, au ni kwa sababu hapo ndipo pagumu kuliko kote.

Mwezi ujao hauko mbali. Andika wiki hii kwa chuo na kwa mfadhili kuuliza kuahirisha, peleka barua ya kuomba ruhusa kwa mkurugenzi kupitia mkuu wako, kisha nenda Newala Jumamosi. Ukishapata majibu yao, na ukishaongea na mama, niandikie tena, tutazame umebakiwa na njia zipi.

Shangazi yako